Wanaojenga madarasa ya mbao visiwani Lamu: kwa ujenzi nawapa tano, kwa karo bado

Naona kwenye magrupu watu wanauliza sana kuhusu hawa jamaa wanaojenga madarasa ya mbao huku visiwani na kulipia watoto karo, kama ni wa kweli ama ni wale wa kuja kupiga picha na watoto wetu halafu hatuwaoni tena. Mimi nina sababu ya kusema manake niko kwenye bodi ya shule moja ya msingi upande wa Pate ambako walijenga, mpwa wangu kasomea useremala kwenye karakana yao hapa Lamu mjini, binti wa jirani yangu yuko kwenye basari yao, na nyumbani kwangu kuna meza waliyoitengeneza wao. Jina la shirika silitaji kwa sababu kuna malalamiko humu ndani na sitaki igeuke vita, na mwenye kuwahitaji hapa Lamu atawapata tu akiuliza.

Jibu langu ni kwamba ni wa kweli. Wanajenga vizuri kuliko kontrakta yeyote aliyewahi kukanyaga shuleni kwetu, na wakiondoka wanaacha vijana wa hapa hapa wanaoweza kulitengeneza jengo likiharibika, na hilo kwangu ndo kubwa kuliko jengo lenyewe. Lakini upande wa karo hawana ule utulivu walio nao kwenye mbao, na hapo watoto wanaumia, na nimeshawaambia kwa mdomo ofisini kwao kwa hivo si kwamba nawasema kisogoni.

Nianze na ujenzi manake ndo ninaoujua zaidi.

Kwa wasiojua mambo ya visiwani, darasa la simiti huku si jambo rahisi kama bara. Mfuko wa simiti unatoka huko unakotoka kwa lori mpaka Mokowe, unateremshwa, unapakiwa kwenye mashua, ukifika unateremshwa tena, punda anaubeba mpaka shuleni, na kila mkono unaougusa unataka chake. Ukifika shuleni bei imeshapanda mpaka kontrakta anaanza kubana, na akibana anabana pabaya, simiti kidogo mchanga mwingi, na mchanga wenyewe wa ufuoni wenye chumvi, na maji ya kisima ambacho nacho kina chumvi. Sisi tulikuwa na darasa la namna hiyo. Chumvi ikishaingia kwenye konkriti inafika kwenye vyuma vya ndani, chuma kikishika kutu kinavimba, kikivimba kinaipasua konkriti kutoka ndani kwenda nje, na hakuna plasta wala rangi ya kuzuia. Lenta ya juu ya mlango ilianza kudondosha vipande watoto wakiwa ndani. Tukalifunga, na watoto wa darasa la pili wakahamia chini ya mwembe, mvua ikinyesha wanarudi nyumbani, jua likizunguka wanahama na kivuli. Hali hiyo ilienda mpaka tukazoea, na kuzoea ndo kulikokuwa kunaniuma.

Sasa walipokuja hawa na habari ya mbao wengi kwenye bodi walikataa. Mbao kwa shule ya serikali? Watu walitaka jiwe, manake jiwe ndo heshima, na nyumba ya miti na udongo ndo ile tuliyohangaika kutoka. Mimi nilikuwa upande wa kusikiliza, kwa sababu Lamu hatuwezi kusema mbao hatuijui. Mji wa kale uliotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 umesimama kwa matumbawe, chokaa na boriti. Ingia nyumba yoyote ya zamani kule Mkomani uangalie juu, utaona boriti za mikoko zimepangwa mstari, na ndo maana vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, upana ulifuata urefu wa boriti, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, huwezi kuzidisha. Dari hizo zimebeba watu vizazi na vizazi. Kwa hivo shida haijawahi kuwa mbao, shida ni mbao gani, imetoka wapi, na nani kaifunga.

Na swali la imetoka wapi ndo lililotaka kuvunja mkutano. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hekta 37,000 na zaidi, na watu wetu wameishi kwa mikoko tangu enzi za majahazi kupakia boriti kwenda Arabuni, mpaka serikali ikafunga kusafirisha nje mwaka 1982. Halafu 2018 ikaja marufuku ya kukata miti nchi nzima na mikoko ikaingia humo humo, na wakataji wa visiwani wakakaa bila kazi, wengine wana watoto shuleni kwetu, mpaka baadaye Lamu ikaruhusiwa tena kwa vibali. Kwa hivo mzee mmoja aliyeishi kwa shoka tangu ujana wake akasimama akawauliza, "Wanangu, miaka yote twaambiwa mikoko tuiwate, leo nyinyi mwaja na habari ya kujenga kwa miti. Miti hiyo yatoka wapi?" Kimya. Yule kijana msimamizi wa ujenzi, mtu wa Lamu pia, akamjibu kwa adabu sana, "Baba, nguzo na makombamoyo ni mvinje za shamba. Boriti za mikoko tutatumia chache, korija zimehesabiwa, na kibali hiki hapa." Makombamoyo ni ile miti ya kubeba paa, na korija ni boriti ishirini ishirini. Akakitoa. Kibali cha shirika la misitu, KFS, kina muhuri, kina eneo la kukata, kina idadi. Mzee hakuwa amevaa miwani akampa mjukuu wake asome kwa sauti mkutano mzima usikie, na kikasomwa mpaka mwisho. Pale ndo waliponipata mimi, kusema kweli.

Hiyo mvinje nayo niseme kidogo manake watu wanaidharau. Wakulima upande wa Malindi na Magarini wanaipanda mashambani, ni mti wa haraka, miaka minne mitano mtu anaanza kuvuna miti ya ujenzi, na hauchoshi udongo, mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani kwa hivo mpaka kwenye mchanga mtupu unaota. Mkoko wa kufikia boriti hauendi kwa haraka hiyo hata kidogo. Ila mvinje ina ubaya wake na fundi yeyote atakwambia. Ukiijenga mbichi inapasuka na kujipinda. Ukiupiga msumari bila kutoboa kwanza, mti unafunguka wote. Ukiizika kwenye udongo mchwa wanaimaliza. Kwa hivo mtu akikwambia anajenga kwa mvinje muulize anaifanyaje kwanza, na hapa ndo hawa jamaa walinishangaza.

Nilienda kuiona stoo yao. Miti na mbao zimelazwa chini ya banda lenye kivuli, kila safu imetenganishwa na ya pili kwa vijiti vyembamba ili upepo upite, ncha zote zimepakwa rangi zisipasuke kwa kukauka upesi kuliko katikati, na kila rundo limeandikwa kwa chaki tarehe lilipoingia. Inakaa miezi mingi pale. Hakuna anayeigusa kabla wakati wake hata kama kuna mgeni mkubwa anakuja kuzindua. Kabla ya kutumika inalowekwa kwenye tangi la dawa, boraksi na asidi ya boriki, haina harufu, haina ile oili chafu ya gari tuliyozoea kupaka ambayo mtoto akiegemea tu shati limeharibika. Dawa hiyo haipendi mvua, maji yanaiosha inatoka, kwa hivo jengo zima limefikiriwa kwa hilo: paa limetokeza nje zaidi ya mita ili mvua ya kusi isigonge ukuta, na hakuna mti hata mmoja unaogusa ardhi.

Hapo kwenye kugusa ardhi nataka muone kwa macho. Msingi ni mawe ya matumbawe, umenyanyuka mpaka magotini. Juu ya msingi kuna kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, nguzo imekaa ndani ya kiatu haifiki chini, mkono unapita kati ya nguzo na jiwe. Na kati ya jiwe na kiatu kuna sahani ya bati iliyokunjwa pembeni kuangalia chini. Nilidhani sahani ni ya kuzuia mchwa wasipande, fundi akanielewesha kwamba mchwa hawazuiliki kirahisi hivo, wakitaka watapanda, lakini na hiyo sahani itabidi wajenge njia yao ya udongo kwa nje, pale penye macho ya watu, na mtu akiiona anaibomoa mapema. Kazi ya kuangalia wamepewa watoto wa darasa la sita, kila Ijumaa kabla ya kutoka wanazunguka nguzo zote. Watoto wanaipenda kazi hiyo kuliko kufagia.

Paa tulibishana. Makuti yana baridi lakini yanaungua na kila baada ya miaka michache unayabadilisha, mabati yana joto na mvua ikinyesha mwalimu anafunga mdomo manake hasikiki, na hewa ya bahari inayala. Wakaweka mabati mazito ya rangi, chini yake dari ya mbao nyembamba, na katikati nafasi ya upepo kupita. Juu ya kuta hakuna dirisha la kioo, kuna fito zimesimamishwa kwa nafasi nafasi, upepo wa kaskazi unaingia huku unatoka kule. Saa saba mchana, ule wakati ambao darasa la zamani watoto walikuwa wanalala juu ya madaftari, sasa wanasoma. Mwalimu wa darasa la pili aliniambia masika yaliyopita alifundisha hesabu mvua ikiwa inamwagika, na alikuwa anaongea kama kawaida yake.

Limeharibika? Ndio, kuna vitu vimeharibika, na naomba msome hapa vizuri manake ndo sababu ya kuandika haya yote. Mlango wa upande wa bahari unavimba masika haufungi, mpaka leo tunahangaika nao. Mbao mbili za ukuta zimejipinda. Na nguzo moja iliingiwa na mchwa kweli, kwa sababu watu walimwaga mchanga wa ujenzi wa choo karibu nayo ukafunika mpaka juu ya sahani, mchwa wakapata daraja, na ilikuwa wakati wa likizo hakuna mtoto wa kuzunguka. Shule ikafunguliwa tukakuta chini ya nguzo pamekuwa laini. Sasa kwa mambo tuliyozoea hapo ungeandikwa barua, bodi ikae, aitwe injinia wa kaunti, tungoje bajeti, darasa lifungwe. Kilichotokea ni kwamba vijana wawili wa kijiji hicho hicho waliofunzwa wakati wa ujenzi walikuja na jeki ya gari, wakainyanyua boriti ya juu kidogo tu, wakakata ile sehemu mbovu kwa mshazari, wakaunganisha kipande kipya kilichokaushwa, wakatoboa wakafunga kwa boliti, na kesho yake watoto wameingia darasani. Bodi ililipa kibarua chao na boliti. Hatukuandikia mtu barua. Lile darasa la konkriti tulilililia miaka, kila mtu aliyekuja kulitazama alitikisa kichwa akaondoka, hakuna hata mmoja kijijini aliyejua aanzie wapi.

Hilo ndo nawaambia wale wanaouliza kama pesa zao zinafika. Zinafika mikononi mwa watu, zinakaa humo.

Karakana sasa. Vijana wanaingia kwa karibu mwaka, wanaanza na kunoa. Wiki nyingi za kunoa tu, patasi na randa, mpwa wangu alikuja kulalamika nyumbani, "Mjomba, mimi nimeenda kusoma useremala ama kunoa visu?" nikamwambia vumilia. Fundi wao mkuu ni mtu wa milango ya kuchonga, wa ukoo wa mafundi, na hakubali mtu aguse mashini ya umeme kabla hajapiga mbao sawa kwa randa ya mkono, anaweka rula juu anaangalia kama mwanga unapita. Mwanga ukipita unarudia. Mwisho wanapelekwa kwenye mtihani wa ufundi wa serikali, wa NITA, gredi ya 3 ambayo ndo ya kuanzia, na wanaofanya vizuri wanaendelea na ya 2. Cheti hicho ni muhimu jamani, manake bila karatasi kijana wa Lamu hata awe na mkono gani, kwenye majumba ya Shela na Manda ataitwa kibarua na kulipwa kibarua. Mpwa wangu alipopata cheti cha gredi ya 3 ndo alianza kupewa kazi kwa jina lake, milango na madirisha, na wanampigia yeye si mtu wa katikati.

Wakimaliza wanapewa boksi la vifaa, nusu msaada nusu mkopo, unalipa kidogo kidogo. Napenda kwamba si bure. Kitu cha bure kijana akibanwa anakiuza, hiki kwa vile bado anakilipia analala nacho.

Ila wasichana ni wachache sana pale, na shirika lisiseme ni mila. Mama wa msichana mmoja aliniambia kwa kinywa chake kwamba mwanawe alitaka sana, alienda, akakuta hakuna choo cha wanawake na mafunzo yanaenda mpaka magharibi. Akaacha. Choo kimejengwa sasa, nimekiona, lakini saa za kutoka hazijabadilishwa. Hapa Lamu msichana kutembea peke yake kutoka kazini giza limeingia ni jambo ambalo mzazi atalikataa hata kama anaipenda elimu kiasi gani, na kulirekebisha ni kubadilisha ratiba tu, haihitaji mfadhili.

Meza yangu niliagiza pale pale karakana, kuna sehemu wanauza, na faida wanasema inaenda kwenye basari. Ya mwarobaini, futi nne kwa mbili na nusu, nililipa KSh 14,500. Ghali kuliko ya barabarani, sibishi. Nimeigeuza juu chini nikaikagua, miguu imeingia kwenye fremu kwa ulimi na kupigwa kigingi cha mti, hakuna msumari hata mmoja, na kile kigingi kimekatwa sawasawa na mguu ukipitisha kidole husikii. Imekaa masika na kaskazi haijalegea. Walichelewa sana kuileta, hilo niliseme, wakawa wananiambia mbao haijakauka. Kila nikipiga simu mbao haijakauka. Nilikasirika wakati ule, lakini kabati nililonunua mahali pengine mwaka huo huo limeshapasuka mlango, kwa hivo sahizi ningesubiri tena. Ukiagiza kwao usiagize kitu cha harusi ya mwezi ujao. Agiza mapema na uandikishe vipimo kwenye karatasi, si kwa simu.

Sasa karo, na hapa sitapunguza maneno.

Binti wa jirani yangu alipita vizuri akaitwa shule ya bweni huko bara, shirika likamkubali, barua ikaja, tukasherehekea. Januari ikafika. Kwa utaratibu wa shule zetu za sekondari za serikali karo ya mwaka inalipwa nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu, na kwa shule za bweni za kitaifa wizara iliweka 53,554 kwa mwaka, kwa hivo mzigo mkubwa kabisa ni Januari. Pesa za shirika zikawa hazijafika. Tukaambiwa wafadhili wao huko Ulaya wanafungua mwaka wao wa pesa Aprili. Kwa hivo mtoto kaingia shule na barua mkononi badala ya pesa, akavumiliwa mpaka katikati ya muhula, halafu akatumwa nyumbani. Kutumwa nyumbani kwa mtoto wa Pate si kama kwa mtoto wa mjini. Ni basi, ni boti, ni kungoja maji yajae ndo boti ipite, ni nauli ya kuja na nauli ya kurudi, na ni siku ambazo wenzake wanasoma. Mama yake kaweka bangili zake rehani akamrudisha. Aprili ilipofika shirika likalipa yote mpaka na deni la nyuma, kweli, hawakumtupa, lakini bangili hazikurudi na mitihani ya kati ilimpita.

Mama huyo alikuja kwangu kwa vile anajua niko kwenye bodi akaniambia, "Kaka, mimi siwalaumu kwa kuchelewa. Nawalaumu kwa kuniambia nisiwe na wasiwasi." Na ana haki. Angeambiwa ukweli Novemba angejua pa kuzunguka mapema.

Na ndo nikawaambia ofisini, nyinyi mbao mnainunua mwaka mzima kabla, mnailaza, mnaingoja ikauke, hamkubali mtu awaharakishe, mnajua ukiipeleka mbichi itapasuka. Sasa karo ya Januari kwa nini haiwekwi kando tangu Aprili ya nyuma? Pesa ya kulipia mwaka mzima mbele kwa watoto waliopo si nyingi ukilinganisha na darasa moja. Hawakunijibu vibaya, waliandika. Mkurugenzi wao alisema watalipeleka kwa wafadhili. Nangoja.

Kuna mengine madogo madogo ya hapo hapo. Basari inalipa karo tu, haigusi nauli ya boti, godoro, sanduku wala yunifomu, na kwa familia ya mvuvi hizo ndo zinazomfanya mtoto asiripoti hata kama karo iko. Fomu iko kwa Kiingereza peke yake na inajazwa kwa intaneti, wazazi wengi wanamtafuta kijana wa saiba awajazie, anawajazia anavyojua, halafu mtoto anakataliwa kwa sababu ya kosa la mtu mwingine. Na wageni wakija kutoka nje watoto wa basari wanaitwa kupigwa picha, hata siku za masomo. Picha za jengo pigeni hata mia, jengo halina soni. Mtoto wa miaka kumi na tano hataki ionekane kwenye simu za watu wote kwamba yeye ndo yule maskini anayelipiwa.

Wakitaka pa kuangalia wasiende mbali. Pale Watamu A Rocha Kenya, shirika la kutunza mazingira, wana mpango wao wa basari unaoitwa ASSETS, upo tangu 2001, unasomesha watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, na sehemu ya pesa inatoka kwa wageni wanaolipa kupita kwenye daraja la kamba la mikokoni pale Mida. Familia nazo zinashirikishwa kwenye kupanda miti na kuulinda msitu. Hapa Lamu mikoko tunayo kuliko wao na wageni tunao. Pesa inayoingia humu humu, hata kidogo, haingoji Aprili ya mtu.

Kwa hivo nawapaje? Ujenzi na mafunzo nawapa tano kwa tano bila kusita, karakana ya kuuza nne kwa sababu ya kuchelewa, karo mbili, na mbili hiyo ni kwa vile mwishowe wanalipa na hawajawahi kumwacha mtoto njiani kwa wale ninaowajua.

Kama ni shule yako inataka kuwaita, andikeni barua ya bodi, si ya mwalimu mkuu peke yake, wanaiangalia hiyo. Wakija waulizeni vijana wangapi wa kijiji wataingia kwenye kazi na wataachiwa vifaa gani, hilo liandikwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa, manake kuna kijiji jirani walileta mafundi wao kutoka mjini kwa haraka ya mfadhili na sahizi mbao ikijipinda kule wanawapigia simu vijana wetu. Ombeni kuona kibali cha miti na msomeane mkutanoni. Msikubali kumwaga mchanga karibu na nguzo, hata wa siku moja.

Kama ni mzazi, chukua fomu lakini endelea kuomba na basari ya kaunti na ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, kama kwamba hujakubaliwa, na uwaambie wakupe kwa maandishi tarehe ambayo pesa itaingia shuleni, ukaipeleke hiyo barua kwa mkuu wa shule mwenyewe. Na kama ni mtu wa kutoa, uko Lamu ama uko nje, ukiwatumia andika kwenye ujumbe wa malipo kwamba ni ya karo ya Januari. Niliuliza kama wanaziheshimu hizo alama, mhasibu wao akanionyesha daftari, zimetengwa ukurasa wake.